Siki ya saladi na wiki nne za kaka yangu

Wifi yangu wa Nyangezi huleta mihogo soko la Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, kila wiki na hulala kwangu. Usiku nilikuwa namsikia anaamka kujiosha kwa maji ya limau. Nilipombana, akakiri anatokwa na maji yenye harufu tangu azae kitinda mimba. Kitinda mimba ana miaka minne.

Mimi nilishapimwa kansa ya mlango wa kizazi mwaka 2021, kwa hiyo nilidhani kazi ni kumtafutia nauli tu. Akakataa katakata. "Wifi, nikionekana kwa daktari wa wanawake, kijijini watasema nami walinikamata porini." Na si uongo. Huku kwetu Bukavu, hospitali ya Panzi na Dkt. Mukwege, yule wa Nobel ya Amani ya 2018, wamewatibu wanawake wengi sana waliobakwa, hata watu wakadhani kila anayefunguliwa miguu hospitalini ana kisa hicho.

Sikubishana. Nikaenda jikoni, nikaleta chupa ya siki. Nikamwambia muuguzi anapaka siki hafifu kama hii kwenye mlango wa kizazi, anangoja dakika moja, na penye kasoro panageuka peupe. Basi. "Hii hii ya saladi?" Akacheka mpaka akashika mbavu. Ikabidi nimkataze asijipake mwenyewe, maana aliikodolea ile chupa macho.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza. Nikamweleza kuna kirusi, HPV, ambacho wengi wetu tunakipata kwa kulala na mwanaume, hata kama ni mume wako mmoja tu. Mara nyingi mwili hukifukuza. Kikigoma kutoka, kinaweza kuharibu mlango wa kizazi polepole mpaka iwe kansa, miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa. Na miaka yote hiyo huenda usiumwe chochote. Neno "mume wako mmoja" ndilo lililomtuliza.

Kituo cha kwanza tulikimbia. Muuguzi alikuwa kijana wa kiume, mlangoni hakuna hata pazia. Wifi alivaa viatu akaondoka, nami nikabaki na aibu, kwa sababu sikuwa nimeuliza mapema. Wiki iliyofuata nilitangulia peke yangu kwenye kituo kingine, nikauliza mama muuguzi yuko zamu siku gani. Jumatano.

Jumatano niliingia naye, nimeshika ndala zake. Alipoona kile chuma chenye mdomo wa bata aliniminya mkono hadi pete ikaniumiza. Kwanza walimpa vidonge vya maambukizi na kumkataza limau, kwa sababu linamchubua ndani. Tuliporudi baada ya wiki mbili wakapaka siki, na kweli pakatokea doa jeupe. Si kansa, akasema muuguzi, ila tukiliacha linaweza kufika huko. Akalichoma kwa joto papo hapo, dakika chache.

Kisha akasema: wiki nne bila mume.

Huo ndio mlima wenyewe. Mume ni kaka yangu, na mimi siwezi kumsemesha kaka yangu habari za kitanda chake. Wifi naye alisema akimwambia peke yake ataulizwa amepata wapi ugonjwa. Nikamwendea shangazi, mzee asiyeogopa mtu. Akapanda pikipiki hadi Nyangezi na kilo moja ya sukari. Walichozungumza sijui mpaka leo. Jioni kaka akanipigia simu, sauti ya chini: "Sasa ni wiki nne tu, si ndiyo? Haziongezwi?"

Mwaka uliofuata wifi alirudi kupimwa, pako safi. Alikuja na majirani wawili. Mmoja alikuwa na chupa ya siki mkobani, akidhani kila mtu anakuja na yake.