Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa mama ntilie na makonda

Saa 11 na nusu alfajiri huwa nimekwisha kuswali na kushika njia ya kwenda kituoni Mbagala, kwa kuwa kazi yangu huanzia ndani ya daladala. Mimi huchora watu: konda anayegonga bati la gari, mama aliyepakata mtoto huku ndoo yake ya samaki ikiwa katikati ya miguu, mwanafunzi anayesinzia akiwa amesimama. Sibebi daftari. Ninakariri mkao wa bega, au namna vidole vilivyoshika bomba, na nikifika kazini ninauweka kwenye ubao kabla haujanitoka.

Saa 1 ninafika Oyster Bay, kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga, na jambo la kwanza ni kukagua kazi za jana. Rangi yetu ni ya mafuta, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli, nayo haina haraka ya kukauka. Kwa hiyo huwa na picha nne au tano kwa wakati mmoja, moja ikiwa imepakwa rangi ya nyuma tu, nyingine ikiwa na miili isiyo na nyuso, nyingine ikingoja nukta za kanga na nuru ya macho. Ukipaka rangi mbichi juu ya mbichi unapata tope.

Sikufundishwa darasani. Nilianza kwa kuchora vichwa kwenye mabango ya vinyozi, na hilo linanipa fahari, kwa sababu aliyetuachia kazi hii naye alijifunza mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alipata kufanya kazi katika Hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 alianza kuchora kwenye hadibodi za futi 2 kwa 2, na mkewe, Agatha, akawa anaziuza Morogoro Stores, jirani kabisa na hapa ninapoketi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi akidhaniwa mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Hata hivyo vijana aliowaonyesha kazi, akina January Linda na Simon Mpata, hawakuweka brashi chini, na mwaka 1990 ushirika ukaundwa. Wengi humkumbuka kwa chui na ndege, lakini alichora watu pia, na huko ndiko mimi nilikomfuata.

Saa 4 hadi saa 6 ni muda wa wateja. Watalii wengi huuliza tembo na twiga, nami huwachorea, kwani ndio wanaolipa ada za watoto wangu. Wenzetu wa hapa nchini, ingawa hununua kwa nadra, husimama mbele ya picha za watu, huitana, hucheka, huonyeshana: "Huyu si shangazi kabisa!" Sijaona sifa inayonigusa kuliko hiyo.

Leo saa 7 mchana mama ntilie anayetulisha alikuja kukusanya sahani. Nilikuwa nimemchora asubuhi hiyo, akisonga ugali, na rangi ilikuwa bado mbichi. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye ubao, akanyamaza kwa muda mrefu.

"Mwanangu, kanga hii umeifunga ya kwendea harusini," akasema. "Na ugali wa watu 40 hausongwi kwa mkono mmoja."

Akainama papo hapo, akanionyesha: mikono yote miwili kwenye mwiko, mguu ukibana mpini wa kuzuia sufuria, kanga imekazwa kiunoni kwa fundo dogo la pembeni. Nilikuwa nimemtazama kwa miaka mitatu bila kuuona mguu ule. Nilimwomba arudie, akarudia mara mbili, ingawa vyombo vyake vilikuwa vinamngoja.

Kuanzia saa 8 sikufanya kazi nyingine. Nilifuta mkono wa kulia na kanga yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikachora kiuno, mguu, kisha mikono miwili. Wenzangu walipoanza kufunga saa 12 jioni, nilikuwa ninamalizia fundo la kanga. Mvuke wa sufuria nimeuacha. Kesho rangi itakuwa imeshika, na mama akipita na chai ataitazama picha kwanza.