Mbu wa Nyumba Namba 14

Saa nane usiku, hedfoni masikioni, nasikiliza kipindi cha podikasti yangu cha Siku ya Mbu Duniani, alichonitumia fundi wa sauti. Dakika ya 23, mgeni wangu anaeleza jinsi Ronald Ross alivyompasua mbu kule Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, akakuta vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo lake. Nyuma ya sauti ya mgeni, mbu anapita. Nziiii. Anakaribia maikrofoni, anaenda zake. Nilirudisha nyuma mara tatu. Mara ya nne nilikuwa nimeshafika Kilombero.

Habari za Kilombero, bonde la Tanzania nilikofanya utafiti wa mbu, mmezisikia mpaka mmezichoka: pantoni, matope, betri za mitego zilizotuvunja migongo. Kazi yangu ilikuwa kutafuta umri wa mbu. Kimelea huhitaji siku 10 au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza mtu, kwa hiyo mbu kijana anakuwasha tu. Wa kuogopwa ni mbu mzee. Na mbu hana cheti cha kuzaliwa. Unamlaza kwenye kitone cha maji, unavuta ncha ya tumbo kwa sindano, unatoa mifuko ya mayai, unaiacha ikauke, unainamia darubini. Unafanya hivyo mpaka shingo inakataa.

Nyumba Namba 14 ilikuwa ya bibi mmoja msuka mikeka. Mtego wetu ulining'inia miguuni pa kitanda chake karibu miaka miwili, yeye akiwa chambo ndani ya chandarua. Siku ya mkutano wa mrejesho, masika ya 2014, bosi wangu alikwama ng'ambo ya mto, ikabidi nisimame mimi. Nilionyesha grafu. Nilisema "spishi" na "kiwango cha maambukizi" hadi mwenyekiti wa kijiji akasinzia waziwazi.

Tulipokuwa tunafunga, bibi akanyoosha mkono. Hakuinuka, alikuwa na ukindu mapajani.

"Mwanangu, hao mbu mliokuwa mnawabeba kwangu, wamesemaje?"

Watu wakacheka. Niliweka kipaza sauti chini nikaenda kuchuchumaa mbele yake. Nikachukua uchane mmoja wa ukindu wake, nikauviringisha kwenye kidole. Nikamwambia, bibi, kwenye mfuko wa mayai wa mbu kuna vijirija vya hewa, vyembamba kuliko unywele. Kama hajawahi kutaga, ncha zake zimejikunja hivi. Akishataga mara moja tu, zinakunjuka. Nikauachia uchane, ukajikunjua nusu, ukabaki na mawimbi. Ukindu mkaidi.

"Na hazijikunji tena," nikamalizia.

Aliuchukua, akaupitisha katikati ya vidole viwili kuunyoosha. Kucha zake zilikuwa zimeingia zambarau, rangi ya kutilia ukindu, na alirudia kuupitisha polepole kana kwamba mkutano mzima haukuwa unamngoja. Kisha akajipigapiga tumbo juu ya kanga.

"Kama hili."

"Kama hilo, bibi."

"Wewe umeshazaa?"

"Bado."

"Ndiyo maana umehitaji darubini."

Kicheko kilimwamsha mwenyekiti. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa bado nacheka alipouliza la pili, kwa sauti ya chini: "Sasa wa kwangu walikuwa wazee au vijana?"

Sikujua. Mbu wa kijiji kizima tuliwajumlisha kwenye jedwali moja. Nikamwambia nitamletea jibu.

Mwaka uliofuata mradi uliisha, nikaingia redioni, halafu hii podikasti. Nimeshazaa, mara mbili. Kila nikiulizwa kwa nini niliacha maabara nasimulia habari ya ukindu, na siku hizi naisimulia vizuri. Nimeshajua pa kunyamaza kidogo kabla ya "ndiyo maana". Imenipa mialiko. Imenipa mpaka kazi. Jibu la bibi sikupeleka.

Kwenye kipindi hiki hiki mgeni anamtaja Husein Khan, yule mgonjwa aliyekubali kuumwa na mbu wa Ross kwa anna moja, sarafu ndogo ya India, kila mbu. Nasikika nikisema, "Bei gani hiyo!" Sisi bibi tulimpa kipande cha sabuni. Kwa ile sentensi yake sikutoa hata hicho.

Daftari langu la maabara liko juu ya kabati. Namba za nyumba niliziandika pembeni kwa penseli, kwa hiyo 14 inahesabika, kazi ya jioni moja. Hilo nimelijua miaka yote.

Asubuhi fundi wa sauti kaniandikia: dada, dakika ya 23 kuna mbu, nimtoe? Sijamjibu.