Kikoi kilichoniingiza kwa Meenakshi

Mara ya kwanza nilirudishwa. Nilifika mlangoni kwa Meenakshi, hekalu la mungu wa kike wa Wahindu, kama saa sita na nusu mchana, nimevaa kaptula, simu mkononi, na askari akanitazama magoti kabla ya uso. Kaptula haiingii. Simu haiingii. Na hata ningevaa kanzu, hekalu ndiyo kwanza linafungwa mpaka saa kumi. Sikuwa nimemuuliza mtu yeyote, basi wa kumlaumu nilikuwa mimi.

Mji ni Madurai, huko Tamil Nadu, kusini mwa India; nilimpeleka mjomba kutibiwa macho. Tangu tushuke kwenye treni ya Chennai sikuona kitu ila wodi na duka la dawa. Siku hiyo akanifukuza mwenyewe: “Mjomba, katembee. Jicho langu moja limefungwa, la pili limechoka kukuona.” Tunaitana hivyo sote wawili.

Mji wa kale umepangwa mraba ndani ya mraba, hekalu likiwa katikati, na mitaa imepewa majina ya miezi ya Kitamil: Chithirai, Aadi, Masi. Bajaji tele, ungesema uko Tanga, ila honi za kule hazipumui. Nikaingia duka la nguo nikaonyesha magoti yangu. Mwenye duka akaelewa, akakunjua veshti: pamba nyeupe yenye pindo la rangi. Nikacheka. Kikoi! Alipotaka kunifundisha kufunga, nilikwisha kukifunga kama mtu aliyetoka kuoga baharini. Akamwita jirani aje aone.

Saa kumi nikarudi. Viatu nikaviacha kwenye banda lao, simu nayo nikaikabidhi, moyo ukiniuma kwa picha nitakazokosa. Dakika kumi baadaye nilishaisahau. Minara iko 14. Ule wa kusini, wa mwaka 1559, unapanda karibu mita 52, na umejaa masanamu ya rangi hadi juu, shingo ikauma kwa kuyatazama. Ndani mawe ni ya baridi, harufu ya mafuta ya taa za ibada na asumini. Ukumbi wa Nguzo Elfu husemwa una nguzo 985. Nilihesabu hadi sitini nikaacha. Nilikaa zaidi kwenye ngazi za birika la Yungiyungi la Dhahabu. Hadithi yao inasema tungo za washairi zilitupwa humo: nzuri ikielea, mbovu ikizama. Nikawafikiria malenga wetu kadhaa.

Mlango wa ndani kabisa ni wa Wahindu tu, kibao kinasema hivyo. Sikubishana. Nikangoja ukumbini mpaka saa tatu usiku, ngoma zikalia, kikapita kiti cha kubebwa chenye nyayo za Sundareswarar, yaani mungu Shiva, akipelekwa kulala kwa Meenakshi. Kila usiku huwa hivyo. Mke ndiye mwenye nyumba, mume ndiye anayepelekwa, kama bwana harusi wa pwani anavyosindikizwa kwenda kuingia.

Nje nikanunua asumini. Mama muuzaji alipima uzi wa maua kwa mkono wake, kiwiko hadi ncha ya kidole, dhiraa ileile ya bibi zetu.

Mjomba alikuwa macho. Akanusa, akatabasamu, kisha jicho lake moja likashuka kiunoni kwangu.

“Na kikoi cha nani hicho?”