Ramadhani Kumi na Moja, Roma

Jumapili ya tarehe 28 Juni 2015 niliamka saa nane usiku katika chumba changu cha kupanga mjini Roma, nikala daku ya wali wa jana, nikanywa maji mengi, kisha nikalala tena nikijua kwamba jua halingezama hadi karibu saa tatu usiku. Ilikuwa siku ya kumi na moja ya Ramadhani. Kwetu Pangani mchana na usiku hukaribiana urefu mwaka mzima, kwa hiyo mtu aliyekulia huko hana mazoea ya kuvumilia kiu kwa zaidi ya saa kumi na saba, nami sikuwa na nia yoyote ya kwenda kuandamana juani. Aliyenitoa ndani ni sista mmoja Mchaga wa Kibosho, ambaye tulifahamiana kama Watanzania wanavyofahamiana ughaibuni, kwa kusikia Kiswahili ndani ya basi na kugeuza shingo.

"Kaka, kufunga si ugonjwa," aliniambia kwa simu. "Njoo, tutatembea polepole."

Maandamano hayo yaliitwa Dunia Moja, Familia Moja ya Binadamu. Yalianzia Piazza Farnese, mbele ya jumba la ubalozi wa Ufaransa, mahali palipofaa kwa kuwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi ulikuwa ukisubiriwa mjini Paris mwezi Desemba. Siku kumi kabla, tarehe 18 Juni, siku ileile tuliyoanza kufunga, ulikuwa umetolewa waraka wa Papa Fransisko uitwao Laudato Si', unaohusu utunzaji wa mazingira. Sista alikuja na nakala yake, akanionyesha tanbihi inayomtaja Ali al-Khawas, sufi wa Kiislamu, kwa furaha ya mtu aliyemkuta ndugu wa mgeni wake katika picha ya ukoo. Nilimshukuru, ingawa jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia. Madrasa yetu haikufika huko.

Walikuwapo Wakatoliki wengi, Waislamu, Wayahudi, Wahindu, Wabudha na watu wasio na dini yoyote. Sista alibeba bango alilolichora mwenyewe, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa nyeupe upande mmoja na ya kijivu upande wa pili, na hilo bango ndilo lililotugombanisha. Kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912 sikulipinga. Nililopinga ni maneno aliyoyaandika chini ya picha, kwamba barafu ikiisha mito yetu itakauka, kwa maana sehemu kubwa ya maji ya mito ile hutoka katika msitu wa mlimani unaonasa mvua na ukungu, wala si katika barafu. Nilikuwa nikisomea usimamizi wa maji, nami nilikuwa na majivuno ya mwanafunzi. Tena, kwa kuwa kiu humfanya mtu kuwa na ulimi mkali, nikaongeza kwamba mifongo ya Wachaga, yaani mifereji yao ya asili ya umwagiliaji, mashamba ya umwagiliaji ya bondeni na mabwawa ya umeme ndiyo yaliyoupunguzia nguvu Mto Pangani, hata bahari ikapata nafasi ya kupanda mtoni na kutia chumvi visima vyetu.

Alisimama katikati ya barabara, watu wakawa wanatupita kulia na kushoto.

"Karanga wetu unafika kwenu?"

Nikamweleza kwamba maji ya Karanga na Weruweru huishia Kikuletwa, Kikuletwa nao hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto huitwa Pangani mpaka baharini. Tulikuwa tukiuvuka Mto Tiber, naye akayatazama yale maji kwa muda. Alisema kwamba utotoni aliteka maji Karanga kila asubuhi na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote yanakwenda wapi. Kisha akacheka. "Kumbe wote tunapitia Nyumba ya Mungu!"

Kwa haki ilinibidi nikiri kwamba mifongo haikumeza kila kitu. Baba yangu alivua karibu na Kisiwa cha Maziwe wakati kilipokuwa bado na mivinje, na kasa walipanda kutaga chini yake. Mimi nilikikuta kikiwa fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Wapo wanaowalaumu waliokata miti, wapo wanaoilaumu bahari, na baba huwalaumu wote.

Saa sita mchana, tukiwa tumefika Uwanja wa Mtakatifu Petro, Papa alitokea dirishani. Alifafanua Injili ya siku hiyo, habari ya binti wa Yairo, kisha baada ya sala akatusalimu waandamanaji na kuhimiza ushirikiano wa watu wa dini mbalimbali. Salamu yenyewe ilikuwa fupi. Mwishoni, kama ilivyokuwa desturi yake, akawatakia watu wote chakula chema cha mchana. Sista alinigeukia kwa haya kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, nami nikacheka hadi koo kavu likaniuma. Alikuwa na mkate na jibini mkobani. Nilipomsihi ale, alikwenda kulia nyuma ya nguzo mojawapo ya uwanja ule.

Usiku, baada ya tende tatu na maji, nilimpigia baba. Kwao tarawehe ilikuwa imekwisha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umefuturu?"

"Sasa hivi tu." Nikamsimulia yote.

"Na habari ya visima mmemwambia huyo Papa?"

Nilimjibu kwamba tulimwona kwa mbali tu, na hapakuwa na nafasi ya kusema. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule sista wa Kibosho ana ndugu wenye mashamba kando ya mto.