Pembe ya mwinuko: kosa huanza kwenye mchoro

Wengi wanaokosa maswali ya pembe ya mwinuko wanaijua tanjenti (tan, yaani upande mkabala na pembe ukigawa kwa upande jirani) vizuri tu. Kinachowaponza ni kuiweka pembe mahali pasipo pake. Pembe hii hupimwa kuanzia mstari mlalo unaopita kwenye jicho la mtazamaji, kwenda juu hadi kwenye kinachotazamwa. Haianzii kwenye mstari wa wima, wala haikai kule kileleni. Basi kabla hujaandika "tan" popote, chora huo mstari mlalo, hata kama swali halikuutaja.

Tuchukue mnazi. Mtu amesimama mita 18 kutoka kwenye shina, macho yake yako mita 1.6 juu ya ardhi, na kilele anakiona kwa pembe ya 35°. Pembetatu inaanzia machoni, si miguuni. Upande jirani ni 18, upande mkabala ndio tunaoutafuta: 18 × tan 35° = 18 × 0.7002 = 12.6. Hapa ndipo wengi hupiga mstari chini ya jibu na kugeuza karatasi. Lakini 12.6 ni sehemu iliyo juu ya usawa wa macho tu, ongeza 1.6, mnazi una mita 14.2. Swali likisema pembe imepimwa kutoka nukta iliyo ardhini, huongezi kitu.

Kosa hilohilo linaweza kuwa kubwa kama mlima. Kilele cha Uhuru kina mita 5,895, na kutoka Moshi mjini ni kama kilomita 30 kwa ramani. Ukigawa 5,895 kwa 30,000 utapata tanjenti ya pembe ya 11°. Si kweli, kwa sababu 5,895 inahesabiwa kutoka usawa wa bahari, na Moshi yenyewe imeinuka karibu mita 900. Kimo kinachohusika ni kama mita 5,000, na pembe ni 9.5° hivi. (Kwa umbali huo mviringo wa dunia nao humeza mita 70 hivi za mlima, ila mtihani haujali.)

Tanjenti hutumika kwa sababu maswali mengi hutoa umbali wa mlalo na kuuliza kimo. Ukipewa urefu wa mshazari, kama kamba ya tiara iliyonyooka, hapo ni saini (sin, yaani mkabala ukigawa kwa mshazari): kamba ya mita 50 kwa pembe ya 60° huinua tiara mita 43.3 juu ya mkono.

Swali linalotisha ni lile la pembe mbili, pale ambapo kitako cha mnara hakifikiki, labda kuna mto katikati. Pembe ya kwanza ni 28°; unasogea mita 40 kuelekea mnara, inakuwa 41°. Hizo 40 si umbali wa kufika kwenye mnara. Ni umbali kati ya vituo viwili, na anayeandika 40 × tan 41° anapata 34.8, jibu la mnara mwingine kabisa. Umbali uliobaki kutoka kituo cha pili uite x. Kimo ni kilekile kutoka vituo vyote viwili, kwa hiyo:

x tan 41° = (x + 40) tan 28°
0.8693x = 0.5317x + 21.268
0.3376x = 21.268
x = 63.0, na kimo = 63.0 × 0.8693 = mita 54.8.

Usikadirie mapema. Hapo kati unagawa kwa tofauti ya namba mbili zinazokaribiana, ukiziandika 0.9 na 0.5, kimo kinashuka hadi mita 45. Baki na nafasi nne za desimali hadi mstari wa mwisho. Mwanazuoni Al-Biruni, katika karne ya 11, alipima mlima kwa pembe mbili namna hii huko Nandana, leo ni Pakistani, kisha akautumia kukokotoa nusukipenyo cha dunia.

Mlingoti juu ya paa una mtego wake. Ukiwa mita 20 kutoka kwenye jengo, pembe ya ncha ni 50° na ya kitako cha mlingoti ni 42°. Usitoe pembe ukatafuta tan 8°, toa tanjenti: 20 × (1.1918 − 0.9004) = mita 5.8. Njia ya mkato ingekupa 2.8.

Ukipima mwenyewe kwa kipimapembe chenye uzi na jiwe, kumbuka kwamba ukisoma uzi kuanzia 0° ya ukingo unaochungulia, unasoma pembe kati ya ukingo huo na wima. Uzi ukionyesha 55°, mwinuko ni 35°. Simama mahali ambapo pembe iko karibu na 45°, maana hapo kosa la digrii moja hudhuru kidogo kuliko mahali pengine popote. Kwa mnazi wetu ni kama sentimita 45. Ukisogea karibu hadi 70°, linakuwa kama sentimita 70.

Kikokotoo nacho kikaguliwe: tan 45 isipotoa 1, hakiko kwenye digrii. Na jibu lolote la pembe iliyo chini ya 45° ambalo mkabala wake umezidi jirani, rudi kwenye mchoro.