Oili ya gari la spoti la zamani kwa barabara za Arusha na Moshi

Ukienda duka la spea Unga Limited, mtaa wa Arusha, ukasema unataka oili ya Toyota Levin ya miaka ya 80 au Toyota Celica ya turbo, mara nyingi utawekewa mbele galoni moja kati ya mbili: 20W-50 ya bei nafuu, "kwa sababu injini imechoka", au 5W-30 ya sintetiki inayokausha mfuko. Ziache zote mbili kwanza, usome namba.

Namba yenye W ni ya baridi. Oili ya 20W inatakiwa bado ivutwe na pampu nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 10W nyuzi 30 chini. Baridi ya Arusha mwezi Julai inatuvalisha makoti, lakini haifiki huko hata kwa ndoto. Kwa hoja ya baridi peke yake, hakuna haja ya kulipia 0W.

Inayokuhusu ni namba ya pili, yaani uzito (jinsi oili inavyotiririka kwa shida) ikiwa nyuzi 100. Daraja la 30 lina sentistoksi (kipimo cha uzito huo) 9.3 hadi 12.5, la 40 linaishia 16.3, la 50 linaishia 21.9. Ukipanda kutoka Moshi kwenda Marangu na gia ya tatu mchana wa Februari, oili inaweza kuvuka nyuzi 100, na kwenye turbo inapita sehemu yenye moto zaidi. Injini ya zamani iliyo nzima, 4A-GE ya Levin au 3S-GTE ya Celica ya turbo, inaridhika na 10W-40 au 15W-40. Kwa turbo, ongeza hela uchukue 10W-40 ya sintetiki, kwa kuwa haikauki upesi na kugeuka masizi kwenye shafti ya turbo. Hata hivyo, baada ya kilima iache ingurume dakika moja au mbili kabla hujazima.

Je, 20W-50? Hiyo iamuliwe na geji. Fungua sensa ya presha ya oili, funga geji ya fundi, endesha kilomita 20 hivi, kisha pima. Kwa 4A-GE, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, presha isipungue kilo 0.3 kwa sentimita ya mraba. Kwenye mizunguko 3,000 iwe kati ya 2.5 na 5. Ikiwa chini ya hapo, oili nzito itapandisha mshale, lakini beringi zilizolika zitabaki zimelika. Umenunua muda tu. Taa nyekundu ya dashibodi usiitegemee, kwani inawaka presha ikiwa imeshaanguka kabisa.

Mwenye Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, ana jambo lake. Roka zake, vyuma vinavyofungua valvu, zinasuguana moja kwa moja na kamshafti inayozisukuma, na kinachozikinga ni zinki na fosforasi iliyomo kwenye oili. Tangu daraja la ubora la API SM la mwaka 2004 (API ni taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili), oili nyepesi kama 5W-30 na 10W-30 hazitakiwi kuzidi asilimia 0.08 ya fosforasi, ili kulinda katalisti, kifaa cha kusafisha moshi wa ekzosi, ya magari mapya. Uzito wa 40 na 50 haukubanwa hivyo. Kwa hiyo tafuta 15W-40 yenye madaraja ya API CI-4 (dizeli) na SL (petroli) kwenye lebo moja. Oili ya dizeli isiyo na herufi ya S iachie lori.

Kosa linalorudiwa sana ni la galoni. Imejaa lita 4, 4A-GE inahitaji takribani 3.7 pamoja na filta, na fundi anamimina yote. Ikizidi mno, krenki inaichapa, inatoa povu, na povu halishiki presha. Mimina lita 3.4, washa dakika moja, zima, subiri dakika tano gari likiwa mahali tambarare, halafu ongeza kidogo kidogo hadi karibu na alama ya F kwenye kijiti cha kupimia. Ringi bapa (washa) ya nati ya kumwagia oili iwe mpya. Mpira wa filta upake oili, kaza kwa mkono, na hakikisha mpira wa zamani haukubaki umeganda kwenye bloku. Ukibaki, oili yote itamwagika barabarani.

Usimwage dawa ya kusafishia ndani kwenye injini yenye tope zito. Tope likibanduka linaziba chujio la pampu chini ya sampu, bakuli la oili. Badala yake, badili oili kila kilomita 1,500 mara mbili tatu, baadaye rudi kwenye 5,000, au 3,000 kama unapita vumbi kila siku. Moshi wa bluu (sio mji) wakati wa kuwasha asubuhi ni sili za valvu. Moshi huo ukitoka unapokanyaga, angalia ringi za pistoni. Cheche za shaba kwenye oili chafu ni beringi, usiendelee kuendesha. Ukiona uji mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili msimu wa baridi na unaishia safari fupi za mjini, huenda ni mvuke tu. Pima maji ya rejeta siku tatu kabla ya kulaumu gasketi ya silinda hedi.

Wakati wa kununua, kagua pete ya kifuniko cha galoni kama haijakatika. Ukimaliza, toboa galoni tupu kwa bisibisi, isije ikajazwa oili ya kuchakachua na kurudi sokoni.