Mafuta Yamelala

Asubuhi hii mjukuu wangu amenijia barazani na kichupa cha mafuta ya nazi, amekigeuza kichwa chini. "Babu, hayamwagiki."

Kipupwe kimeshika, kusi inavuma tangu juzi, na usiku joto limeshuka hadi nyuzi 21 hivi. Mafuta ya nazi hayahitaji baridi zaidi ya hiyo. Chini ya nyuzi 24 huanza kuganda. Bibi yake hakuinua hata kichwa kwenye mbaazi alizokuwa akichambua. "Yamelala hayo. Yaweke juani."

Mimi nilikuwa nimekichukua kichupa nikakiinua kwenye mwanga, na nikasahau kwamba nimeulizwa kitu. Weupe ule nimewahi kuuona mahali pengine, nao haukuwa wa nazi.

Ilikuwa Kotka, Finland, Februari 2010. Nyuzi 14 chini ya sifuri. Mkaguzi wa bandari alipanda meli yetu asubuhi mapema, akapitia hati, akapitia vizima moto, kisha akasimama chini ya laifuboti, boti ya kujiokolea, ya upande wa kulia akasema iwashwe. Haki yake. SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa meli, inataka injini ya laifuboti iweze kuwaka hata kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani ya dakika 2. Tukapanda watatu: sekondi injinia, injinia kijana wa nne, na mimi oila, mtu wa kutia mafuta mitambo.

Iliwaka. Hilo ndilo watu hawaliamini ninapowasimulia. Iliwaka mara ya kwanza, ikanguruma kama dakika nzima, kisha sauti ikaanza kupanda na kushuka kama mtu anayekabwa, ikazima. Tukapiga stata tena. Ilizunguka, haikushika. Tena. Haikushika.

Yule kijana akasema ni maji, maji yameingia kwenye dizeli yakawa barafu. Lilikuwa wazo la maana, nami niliwaza hivyo hivyo. Nikachukua spana, nikafungua filta.

Hapakuwa na barafu. Karatasi ya filta ilikuwa imepakwa kitu cheupe chenye umanjano kidogo, kizito kama samli, kimeziba kila mkunjo. Nikavua glovu. Sijui kwa nini nilivua, kwa baridi ile chuma hung'ang'ania ngozi. Nikachota kidogo kwa kidole, nikakiweka katikati ya kiganja, nikasubiri.

Barafu ya maji huuma, kisha huwa maji. Kile hakikuuma. Kilikaa. Kikalainika pembeni, kikaanza kung'aa, kikawa kama tone la chai nyepesi, kikateleza baina ya vidole vyangu na kuacha harufu ya dizeli. Na mkono wangu ukajua kabla yangu. Mama alikuwa akiyachokoa mafuta yaliyoganda kwa kijiti cha kiberiti, akiyaweka kiganjani, akisugua mikono yake miwili mpaka yakayeyuka, ndipo anipake kichwani niende chuoni. Kila kipupwe, miaka yote ya utoto wangu, Majengo. Nilikuwa nimesimama Finland nikiutazama mkono wangu ukifanya kazi ya mikono ya mama.

Sekondi, mtu wa Kerala, India, aliinama, akagusa kwa ncha ya kidole, akanitazama. "Nazi," akasema kwa Kiingereza chake. Kwao pia ni minazi mitupu.

Dizeli ina nta ndani yake, parafini. Kwenye joto nta hiyo imeyeyuka, huioni. Baridi ikiingia, inajitenga chembe chembe: kwanza mafuta yanakuwa na ukungu, halafu chembe zinashikana. Kwenye bomba zitapita. Kwenye filta, yenye vitundu vyembamba kuliko unywele, hazipiti. Na injini inakufa kwa njaa huku tangi limejaa. Ndiyo maana nchi za huko huuza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Yetu ilikuwa ya Kilindini, Mombasa.

Nasema yetu, lakini niliyeijaza ni mimi. Mwanzoni mwa Januari, jasho likiniingia machoni, nilipandisha madumu kutoka chini, nikajaza tangi la laifuboti mpaka juu, nikaandika daftarini: upande wa kulia, limejaa. Na lilijaa kweli.

Sekondi akauliza nani alijaza. Nikasema, "Mimi." Akanyamaza kidogo. "Na aliyekuambia ujaze ni mimi," akasema.

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Maji ya moto kutoka jikoni, matambara yaliyoloweshwa tukayafunga kwenye bomba na kwenye tangi. Moto wa wazi hakuna, hata kwa mzaha. Kijana alitaka kutia mafuta ya taa, sekondi akakataa: kitu cha kuzuia kuganda huchanganywa mapema, mafuta yakiwa bado na joto, nta ikishashikana umechelewa. Tukamwaga dizeli yote, tukanunua ya pale bandarini, filta mpya, tukablidi pampu mpaka hewa ikaisha. Jioni iliwaka na haikuzima. Boti ya kushoto tukaifanyia vivyo hivyo bila kuambiwa. Mkaguzi alitia saini, meli ikaondoka.

Lakini mimi nimebaki na hesabu. Injini hizo huwashwa kila wiki, angalau dakika 3. Jumamosi ya mwisho tuliiwasha tukiwa baina ya Uingereza na Ufaransa, baridi ya kawaida tu, ikawaka bila taabu. Kotka tulifunga kamba Jumatano. Katikati hapo kuna mfereji wa Kiel, kuna bahari ya Baltiki yenye mabamba ya barafu yakigonga ubavu wa meli usiku kucha. Mahali fulani humo mafuta yaliganda. Tulikuwa watu 21, na kila mmoja alikuwa akilala akijua boti ipo. Maji yale hayampi mtu muda. Ni usiku upi uliokuwa wa kwanza kulala bila boti? Wa Jumapili? Wa Jumatatu? Nimejaribu kuupata kwa ramani, kwa kumbukumbu ya hali ya hewa, kwa kumuuliza sekondi alipokuwa hai. Sikuupata.

Saa nne hivi jua limefika barazani. Mjukuu amerudi na kichupa, juu maji, chini bado peupe.

"Yalilala saa ngapi, Babu?"

Nikamwambia usiku, sote tulipokuwa tumelala.